Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Maonyesho: Tuma mtu akague karakana kabla ya kugawa meza

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: BIDHAA ZA KIWANDANI KATIKA MAONYESHO YA KAZI ZA MIKONO

Pokea salamu zangu za heshima. Naomba barua hii uisome wewe mwenyewe, usisomewe. Barua nilizotangulia kuziandika nilizileta ofisini kwa mkono wangu, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala zake ninazo ndani ya bahasha. Majibu sijapata. Ndiyo maana hii ya leo naiweka hadharani, ili wenzangu tunaokaa nao nyuma ya meza zile wajue kwamba jambo limesemwa, na wanunuzi wetu wajue wanauziwa nini.

Mimi ni mfua fedha. Natengeneza hereni, pete, bangili na vidani, peke yangu, kwenye karakana ya chumba kimoja. Sina duka wala wakala. Wateja wangu wananijua kupitia maonyesho unayoyasimamia, na hata wale wanaoniagiza kwa simu, wengi wao tulikutana kwanza pale, uso kwa uso, wakiwa wameishika kazi yangu mkononi. Kwa hiyo ninapoyalalamikia maonyesho haya, Mheshimiwa, sisemi kama mpita njia. Nalilia riziki yangu.

Siku ya kufunga maonyesho yaliyopita, mchana, watu wakiwa wamejaa, alinijia mama mmoja amemshika binti yake mkono. Ndewe za yule binti zilikuwa zimevimba, nyekundu, zinatoka majimaji. Mama akatupa hereni mezani kwangu, akasema kwa sauti iliyofika hadi meza za mbele: "Umemuuzia mwanangu sumu." Watu waliokuwa wanachagua pete wakazirudisha, mmoja mmoja, wakaondoka.

Nikaziokota zile hereni, nikazitazama. Umbo lilikuwa langu: jani lililokunjwa ukingo, na mshipa mmoja katikati. Umbo hilo nililichora na kulirudia mpaka likakubali kukaa. Lakini hereni zile hazikutoka mikononi mwangu, na nililijua hilo kabla sijazigeuza, kwa uzito wake tu.

Nyundo yangu ya kumalizia ina pengo dogo ukingoni. Nilipewa nyundo hiyo na mwalimu wangu ikiwa na pengo lake, na sijalisawazisha. Kila kazi ninayoifua hubaki na alama ndogo yenye umbo la ukucha mahali fulani, pengine juu, pengine chini, pengine karibu na kulabu, kwa kuwa mkono haupigi pale pale kila mara. Hereni za yule binti zilikuwa na alama hiyo. Zote mbili, mahali pamoja. Nikaenda kwenye meza ya pili kutoka lango kuu, ambako zilikuwa zimetundikwa safu kwa safu kwenye kadi zenye maandishi "Imetengenezwa kwa mkono". Nikageuza jozi moja, nikageuza nyingine, nikaendelea. Alama ya nyundo yangu ilikuwa pale pale kwenye kila hereni. Na kuna jambo jingine ambalo mtu wa kazi hii huliona mara moja: mimi jozi yangu huikunja moja kushoto na nyingine kulia, ili zikivaliwa zitazamane. Zile zote zilikuwa zimekunjwa upande mmoja, kwa sababu zote zimetoka kwenye hereni moja.

Kwa asiyejua namna inavyofanyika, nieleze. Mtu ananunua jozi moja kwa fundi, tena akitabasamu na kumsifu. Hereni moja inafunikwa kwa mpira mbichi, mpira unabanwa na kupashwa moto mpaka unaiva, kisha unapasuliwa katikati na hereni inatolewa. Pale ilipokuwa panabaki uwazi wenye umbo lake kamili. Uwazi ule unadungwa nta ya moto, inatoka hereni ya nta, kisha nyingine, kisha nyingine. Nta hizo zinapachikwa kwenye shina moja, shina linazikwa kwenye plasta, plasta inachomwa mpaka nta inayeyuka na kutoka, na madini yaliyoyeyushwa yanamiminwa mahali pake. Mpira ule unanakili kila kitu, hata jeraha la nyundo ya mtu. Jambo moja tu haliwezi: vitu hivi husinyaa vikipoa, kwa hiyo nakala hutoka ndogo kidogo kuliko ile iliyonakiliwa. Niliiweka hereni ya kadi juu ya hereni yangu mbele ya msimamizi wako. Ukingo wa yangu ulionekana pande zote.

Msimamizi alinisikiliza kwa adabu, hilo siwezi kumnyima. Kisha akaniomba nipunguze sauti kwa kuwa wageni rasmi walikuwa wanapita. Mwenye meza ile hakuulizwa hata swali moja. Yule mama aliondoka akiwa bado anaamini kwamba mimi ndiye niliyemdhuru mtoto wake, na sina namna ya kumpata nimwambie vinginevyo. Hilo linaniuma kuliko fedha niliyopoteza siku ile.

Mheshimiwa, tuzungumzie masikio ya yule binti, kwa maana hapo jambo linatoka kwenye ugomvi wa wauzaji na kuwa jambo la afya za watu. Nashuku nikeli. Ni madini meupe, yanang'aa, ni rahisi kuliko fedha, na hupenda kuchanganywa kwenye mapambo ya bei ya chini au kuwekwa kama tabaka chini ya rangi ya juu. Ngozi ya watu wengi huyakataa, na mtu akishapata mzio wa nikeli, huo ni wake wa maisha: kifungo cha suruali kitamuwasha, kamba ya saa itamuwasha. Tundu la sikio lililotobolewa karibuni ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kupitishia madini hayo. Umoja wa Ulaya uliliona hilo ukatunga sheria mwaka 1994, na leo huko kipini kinachopita kwenye tundu hakiruhusiwi kuachia hata maikrogramu 0.2 za nikeli kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Wameweka pia mipaka ya madini mengine mawili yenye sumu: kadmiamu, asilimia 0.01 ya uzito wa madini ya pambo, na risasi, asilimia 0.05. Hawa ni watu waliokaa wakasema kwamba kitu kinacholala juu ya ngozi ya mtoto usiku na mchana lazima mtu fulani akiwajibikie.

Kwenye meza yangu anayewajibika yupo, anakaa nyuma ya meza. Ukiniuliza hereni hii ina nini ndani yake, nitakujibu: fedha ya 925, maana yake sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha, na zilizobaki ni shaba, kwa kuwa fedha tupu ni laini mno, hujipinda ikivaliwa. Nitakuonyesha nilikoinunua na lehemu niliyounganishia. Muulize wa meza ya pili swali hilo hilo. Mimi nilimuuliza. Akanijibu kwamba ni "fedha ya kisasa".

Naomba nikueleze na kazi yenyewe, kwa sababu nina wasiwasi kwamba katika kamati inayogawa meza hakuna mtu aliyewahi kushika tupa. Pete moja ya kawaida, isiyo na kito, huanza na kipande cha waya. Naupasha moto mpaka unapata wekundu hafifu unaoonekana tu ukizima taa, kwa sababu madini yakifuliwa hukakamaa, na usipoyalainisha kwa moto yatapasuka. Naupoza, naukunja, nasawazisha ncha mbili mpaka zikikutana usiuone mwanga katikati. Nusu ya kazi iko hapo. Lehemu haizibi pengo. Ukiacha pengo, imekwisha. Kisha napaka boraksi, dawa inayosaidia lehemu kutiririka, naweka chembe ya lehemu, naleta moto. Fedha ya 925 huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 800 za Selsiasi, na lehemu ninayotumia huyeyuka kama nyuzi 50 chini ya hapo. Kwa hiyo kati ya kuunganisha pete na kuigeuza kuwa tone kuna muda wa kupepesa macho. Unaangalia rangi tu. Lehemu ikikubali hutiririka ghafla, mstari mwembamba unaong'aa ukizunguka kiungo, na unaondoa moto papo hapo. Baada ya hapo ni asidi ya kusafishia, tupa, msasa wa 400, wa 600, wa 1200, kisha kitambaa. Vidole vyangu vya kushoto havina tena alama za kumtambulisha mtu, msasa umezila.

Hiyo ni pete moja. Mwenye lile shina la nta anamimina kipande cha saba kabla mimi sijazima taa.

Wala sitaki uelewe kwamba napiga vita mashine. Ninayo mota ya kung'arishia na drili ya umeme, na wako wenzangu wanaochonga nta kwa mikono yao kisha wanaipeleka kumiminwa, na kazi ile ni yao kwa haki kabisa. Wako wanaonunua ushanga uliokwisha kutengenezwa wakausuka kwa mpangilio wa kichwa chao wenyewe, usiku kucha, na macho yao yanaharibika kwa hilo. Wote hawa ni mafundi. Tumebishana sana sisi wenyewe kwa wenyewe juu ya wapi mkono unaishia na wapi mashine inaanza, na tutaendelea kubishana. Lakini mtu anayefungua katoni, anachana kibandiko cha kiwandani na kuweka kadi yenye neno "mkono" hana nafasi katika ubishi huo. Nimeiona ile katoni, Mheshimiwa. Ilikuwa chini ya meza, nusu imefunikwa kwa kitambaa, na ndani yake vifuko vya nailoni vyenye jozi moja moja.

Sasa nikukumbushe uliyoyasema. Siku ya uzinduzi ulisimama jukwaani ukasema kwamba maonyesho haya ni ya mwenye mikono, na kwamba mchuuzi ana masoko mengine. Tulipiga makofi mpaka mikono ikauma. Kwenye fomu ya maombi kuna sehemu ya kuambatisha picha za karakana na za kazi ikiwa katika hatua zake. Niliziambatisha, na kila msimu naziambatisha upya. Tulipolalamika mara ya kwanza ulituambia katika kikao kwamba kutakuwa na kamati ya ukaguzi. Mara iliyofuata ukatuambia kamati imekwisha kuundwa, linasubiriwa jambo dogo tu. Mara iliyofuata ukatuambia msimu ujao. Msimu ujao ndio huu uliopita, na katika msimu huo mwenye katoni alipewa meza mbili za pembeni mwa lango kuu, na mimi nikawekwa nyuma, jirani na jenereta, ambako mteja akitaka kujua ukubwa wa pete lazima apige kelele.

Kwa nini iwe hivi? Hakuna aliyetueleza, kwa hiyo tunabaki na dhana zetu, nami nitakuambia yangu. Nadhani ripoti yako kwenda juu huanza na idadi ya meza zilizojaa. Mchuuzi hujaza meza. Hulipa ada mapema, hulipa yote, huchukua nafasi mbili, na bidhaa zake haziishi kwa sababu zikiisha anafungua katoni nyingine. Fundi huja akiomba alipe nusu kwanza na nusu akishauza. Huja na vitu vichache, na jioni ya siku ya pili meza yake ina mapengo. Kwa anayehesabu kutoka mbali, mimi ndiye nisiyefaa. Huenda sivyo. Huenda wasaidizi wako wanakuficha mambo, au huenda wameshindwa tu kutofautisha, maana nakala inayong'aa humdanganya hata mtu makini. Kama ni hili la mwisho, sisi wenyewe tuko tayari kuja kuwafundisha, bila malipo, siku yoyote mtakayotaka.

Lakini wakati tunasubiri kujua sababu, sisi tunakwisha. Mwanagenzi niliyekuwa nikimfundisha, mwenye mkono mwepesi kuliko wangu, ameacha. Aliniuliza swali moja nikashindwa kulijibu: kuna faida gani ya kujifunza kulehemu ilhali wa meza ya pili hajui hata lehemu inanunuliwa wapi, na anauza kutushinda? Sasa hivi anauza vocha. Jirani yangu wa vidani vya ushanga hakuja kabisa msimu uliopita. Alisema ada ya meza ni afadhali ailipe shuleni. Mimi mwenyewe fedha ya kufulia nainunua kwa gramu, kwa bei inayopanda na kushuka kwa mambo yanayotokea mbali nami, na gramu nilizochukua kwa mkopo kwa ajili ya maonyesho yale bado nadaiwa. Jioni mteja alisimama mezani kwangu, akaipenda bangili, akaniuliza bei, kisha akanyoosha kidole kule mbele: "Mbona wenzako wanauza robo ya hiyo, na wao wameandika kwa mkono?" Ningemjibu nini? Nikimwambia wale ni waongo, naonekana mwenye wivu. Nikinyamaza, nimekubali kwamba mimi ndiye mwizi.

Hapo ndipo madhara yalipo, Mheshimiwa, na sidhani kama ofisini yanaonekana. Mnunuzi akidanganywa na mmoja hasemi "fulani alinidanganya". Anasema "kwenye yale maonyesho wanadanganya". Pete ikimwacha na kidole cha kijani, anaacha kututembelea sote, pamoja na aliyefinyanga chungu na aliyesuka kikapu. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Basi na pete iwe njema, na anayeivisha ajulikane.

Wala hili halijaanzia kwetu. Uingereza, mwaka 1300, Mfalme Edward wa Kwanza alipiga marufuku chombo cha fedha kutoka mikononi mwa fundi kabla hakijapimwa na kugongwa chapa ya kichwa cha chui, na walinzi wa ufundi ule wakaagizwa wapite kwa masonara, karakana kwa karakana, wakipima. Hawakukaa wakingoja fomu. Waliinuka wakaenda. Fedha ya 925 ninayofua mimi leo inafuata kipimo kile kile cha miaka zaidi ya 700 iliyopita, na kimedumu kwa sababu palikuwa na mtu wa kukilinda. London, mwaka 1888, mafundi na wasanii wa chama kilichoitwa Arts and Crafts Exhibition Society, wakiongozwa na Walter Crane, walipofungua maonyesho yao ya kwanza, walitaka orodha itaje jina la aliyechora kitu na jina la aliyekitengeneza, kwa kuwa mafundi walikuwa wamechoka kufichwa nyuma ya majina ya wenye maduka. Marekani, ambako kule Santa Fe soko la sanaa za watu wa asili lilianza mwaka 1922 na bado lina kanuni zake za nani auze nini, ilitunga sheria mwaka 1990 dhidi ya kuuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na mikono ya watu hao ilhali sivyo. Mtu binafsi akikutwa na hatia mara ya kwanza anaweza kutozwa hadi dola 250,000, au kufungwa hadi miaka 5, au vyote viwili.

Mimi siombi jela kwa mtu. Siombi faini. Hata sikuombi umfukuze mwenye katoni. Naye ana watoto, na kuuza bidhaa ya kiwandani si dhambi. Mpe banda lake, upande wake, chini ya bango linalosema anachouza. Mnunuzi mwenye fedha kidogo akatafute huko kwa kujua, wala mimi sitamlaumu. Ninachokikataa ni yeye kukaa chini ya bango letu, na kadi yenye neno letu, akiuza umbo langu lenye alama ya nyundo ya mwalimu wangu.

Ninachokuomba ni kimoja. Kabla hujampa mtu meza, tuma mtu akaone anapofanyia kazi.

Najua utaambiwa kwamba ni gharama. Si lazima iwe. Asiyeweza kufikiwa apigiwe simu ya video, azungushe kamera: fuawe iko wapi, moto uko wapi, tupa ziko wapi. Na mkaguzi asiombe kuona kazi iliyokamilika, kwa maana kazi iliyokamilika kila mtu anaweza kuinunua. Aombe kuona iliyo nusu. Hakuna duka linalouza pete ambayo bado haijaunganishwa, au hereni ambayo ukingo wake bado una makovu ya msumeno. Kwa fundi wa kweli vitu hivyo vimejaa, viko kwenye makopo, kwenye droo, hadi chini ya kitanda. Mchuuzi hana hata kimoja. Ukaguzi wa dakika chache utamaliza ubishi wa misimu yote hii. Na kama huna wakaguzi, tutumie sisi, kwa zamu: mfinyanzi amkague msusi, msusi amkague mfua fedha, ili mtu asije akamkagua mshindani wake mwenyewe. Kisha siku ya maonyesho kila meza iwe na jina la aliyetengeneza, na mwenye jina hilo, au aliyefanya naye kazi, awe pale pale nyuma yake, wa kuulizwa.

Naona nimeanza kuongeza madai, na ninajua madai mengi huwapa watu sababu ya kuunda kamati nyingine. Basi ya jina yaache, ya banda la upande yaache, hata ile meza ya jirani na jenereta nipe tena nitakaa. Lakini hili moja usiliache. Tuma mtu akaone karakana kabla ya kugawa meza. Ulituahidi ukiwa umesimama jukwaani, na sisi tukiwa tumesimama chini tukikushangilia.

Maombi ya msimu unaokuja yanafunguliwa hivi karibuni, na fomu yangu nimekwisha kuijaza, picha zote zimo. Sitaki kusoma tena kwamba picha zimepokelewa. Nataka kupewa tarehe ya mkaguzi, na nataka mwenye katoni naye apewe yake. Mtu wako aanze na karakana yangu, siku yoyote atakayochagua, hata bila kunipigia simu kwanza.

Wako mtiifu,

Mfua fedha, mshiriki wa maonyesho